Presha nzuri, vidole baridi

Bonyeza ncha ya kidole chako cha shahada hadi wekundu wake uondoke, shikilia kwa sekunde 10, achia, kisha hesabu. Kama una afya, si mzee na hujatoka kwenye baridi, kwa kawaida rangi itarudi kabla hujafika tatu. Kwa mgonjwa aliyezidiwa na maambukizi inaweza kuchelewa hadi tano, saba, hata kumi. Kipimo chenyewe ndicho hicho. Hakina betri, hakisubiri umeme urudi, na yeyote mwenye kidole na saa anaweza kukifanya. Pengine wepesi huo ndio uliofanya kidharauliwe kwa muda mrefu.

Dharau hiyo imeanza kuisha. Mwaka 2021 mwongozo wa kimataifa wa kutibu sepsisi kwa watu wazima ulipendekeza kwamba muda wa damu kurejea kwenye kidole utumike kuongoza matibabu ya mgonjwa aliye kwenye mshtuko, sambamba na vipimo vingine. Kwa mkoa kama Singida, ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu zaidi ya milioni 2 waliotawanyika kutoka Manyoni na Itigi hadi Iramba na Mkalama, habari hii ina uzito wa kipekee. Mgonjwa wa huku huonwa kwanza na muuguzi au tabibu wa zahanati, mwenye mashine ya presha, kipimajoto na macho yake. Maabara ya kupima laktati, kama ipo, iko mbali. Kidole kiko pale pale.

Lakini kusoma kidole ni jambo moja, na kujua la kufanya baada ya kukisoma ni jambo jingine. Hapo ndipo Afrika Mashariki ilipoifundisha dunia somo ambalo watu wengi bado hawajalimeza vizuri.

Sepsisi ni hali ambayo mwili, katika kupambana na maambukizi, huanza kuharibu viungo vyake wenyewe. Chanzo chaweza kuwa nimonia ya mzee, njia ya mkojo, kidonda cha upasuaji wa uzazi, kitovu cha mtoto mchanga, utumbo uliotoboka, au mguu uliokatwa na jembe msimu wa kulima ukafungwa kitambaa na kusahaulika. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Lancet yalionyesha kuwa mwaka 2017 pekee watu milioni 48.9 duniani waliugua sepsisi na milioni 11 kati yao wakafa, yaani karibu moja ya tano ya vifo vyote vya mwaka ule. Sehemu kubwa, asilimia 85 ya wagonjwa, walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mwaka huo huo wa 2017 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zilitilie maanani tatizo hili. Hata hivyo kwenye msiba jina lake halisikiki. Ndugu huambiwa ilikuwa nimonia, ilikuwa homa, au damu iliingia sumu.

Mshtuko wa sepsisi ni hatua ya mbele zaidi. Mgonjwa ameongezewa maji, lakini presha yake haishikiki bila dawa za kukaza mishipa, na laktati, ambayo huzalishwa zaidi tishu zinapobanwa, imezidi milimoli 2 kwa lita. Hiyo ni tafsiri ya kitaalamu ya mwaka 2016. Ukiitazama vizuri utaona kwamba hospitali isiyo na kipimo cha laktati wala dawa za kukaza mishipa haiwezi hata kuutambua mshtuko huo kwa vigezo vya vitabuni. Wagonjwa wake watakufa kwa ugonjwa ambao, kwa mujibu wa karatasi, hawakuwahi kuwa nao.

Ili kuelewa kwa nini kidole kinaweza kusema jambo ambalo presha hailisemi, inabidi tushuke hadi kwenye kapilari. Mishipa hii ni myembamba kiasi kwamba chembe nyekundu ya damu hupita kwa kujikunja, moja nyuma ya nyingine, na ni hapo oksijeni inaposhuka kwenda kwenye tishu. Sepsisi huivuruga njia hii kwa namna nyingi kwa wakati mmoja. Utando laini unaofunika ukuta wa ndani wa mishipa hubanduka, na maji huvuja kwenda nje. Chembe nyeupe hung'ang'ania ukutani. Vipande vidogo vya damu iliyoganda huziba njia, na chembe nyekundu zenyewe hukakamaa, zisikunjike tena. Kapilari moja hupitisha damu kwa kasi, ya jirani yake imesimama kabisa, na tishu iliyo katikati yao inakosa hewa ingawa damu ipo.

Bomba kuu la mji linaweza kuwa na presha nzuri huku mtaa wa mwisho ukikosa hata tone. Mashine ya presha hupima bomba kuu. Ndiyo maana mgonjwa mwenye 110 kwa 70 anaweza kuwa anakufa polepole mbele ya muuguzi ambaye ameandika namba hiyo kwa moyo mweupe na kuondoka kwenda kitanda kingine.

Ngozi huonyesha hali hii mapema kwa sababu ni ya kwanza kutolewa kafara. Mwili ulioishiwa hukaza mishipa ya mikono na miguu ili ubongo na moyo vipate. Henry Beecher, daktari wa Marekani aliyechunguza majeruhi wa Vita vya Pili vya Dunia, aliandika mwaka 1947 kuhusu uhusiano kati ya damu kurejea polepole na ukali wa mshtuko. Mwaka 1980 kipimo hicho kikaingizwa kwenye mfumo wa kupanga majeruhi kwa alama, na sekunde 2 zikashika kama mpaka wa kawaida, bila ushahidi mwingi wa kuziunga mkono. Miaka 8 baadaye watafiti wawili wa California, Schriger na Baraff, waliwapima watu wenye afya na kukuta kwamba mpaka huo hauwafai wote: kwa wanawake wazima ulifika sekunde 2.9, na kwa wazee 4.5. Walikuta pia kwamba baridi huchelewesha damu. Tutarudi kwenye baridi, maana Singida ina yake.

Kilichorudisha kidole kwenye heshima ni utafiti wa Amerika ya Kusini. Kati ya Machi 2017 na Machi 2018, timu iliyoongozwa na Glenn Hernández wa Chile iliwagawa wagonjwa 424 wenye mshtuko wa sepsisi katika vyumba 28 vya wagonjwa mahututi vya nchi 5. Nusu walitibiwa kwa kufuata laktati, iliyopimwa kila baada ya saa 2. Nusu nyingine walitibiwa kwa kufuata kidole: kipande cha kioo cha darubini kilibanwa kwenye ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia kwa sekunde 10, kisha saa ikahesabu. Zaidi ya sekunde 3 ilikuwa mbaya. Walirudia kila nusu saa hadi hali iliporejea kawaida, kisha kila saa. Ndani ya siku 28 walikufa asilimia 34.9 ya waliofuatwa kwa kidole na asilimia 43.4 ya waliofuatwa kwa laktati. Kwa kanuni kali za takwimu tofauti hiyo ilikosa kidogo tu kuthibitika, na mabishano juu ya "kidogo" hiyo yanaendelea mpaka leo.

Kwangu mimi, namba inayovutia zaidi katika utafiti ule ni nyingine kabisa. Waliofuatwa kwa kidole walipewa maji kidogo zaidi katika saa 8 za kwanza: wastani wa mililita 2,359 dhidi ya 2,767. Laktati hushuka polepole, hata baada ya mtiririko kurudi, kwa hiyo daktari anayeikodolea macho huendelea kufungua dripu. Kidole hujibu ndani ya dakika. Kinapokuwa sawa, mkono wa daktari hutulia. Faida ya kipimo hiki, nikisoma ushahidi wote kwa pamoja, iko zaidi katika kumwambia mtu lini aache.

Na hilo la kuacha ndilo lililothibitika huku kwetu, tena kwa uchungu.

Kwa miongo mingi vitabu vilifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali, mikono baridi na damu inayorejea polepole ajazwe maji ya mshipani haraka. Katika nchi tajiri ilikuwa kama amri. Katika wodi nyingi za Afrika haikufanyika, kwa uhaba tu, na waliotaka mema waliona hilo ni pengo la kuzibwa. Kathryn Maitland na wenzake waliokuwa Kilifi, Kenya, wakaamua kupima kwanza. Utafiti wao, FEAST, uliwahusisha watoto 3,141 katika hospitali 6: Kilifi, Teule ya Muheza, mkoani Tanga, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor za Uganda. Wote walikuwa na homa kali na dalili za damu kutofika vizuri kwenye tishu. Baadhi walipewa maji mengi kwa haraka, yenye albumini au ya chumvi. Wengine walipewa maji ya kawaida ya kuwatunza tu, taratibu. Dawa za maambukizi, oksijeni na damu kwa walioishiwa, vyote vilitolewa kama kawaida.

Januari 2011 kamati ya usalama ilishauri usajili wa watoto usimamishwe kabla ya kufikia idadi iliyopangwa. Ndani ya saa 48 walikuwa wamekufa asilimia 10.6 ya waliopewa albumini, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya wasiojazwa. Katika kila watoto 100, watatu zaidi walikufa kwa tiba iliyodhaniwa kuwa ndiyo wokovu wao.

Ulimwengu wa tiba haukuamini. Wakosoaji walisema watoto wale hawakuwa na mshtuko wa kweli. Watafiti wakawatafuta wachache waliotimiza vigezo vyote vikali vya Shirika la Afya Duniani, yaani mikono baridi, damu kurejea kwa zaidi ya sekunde 3, na mapigo dhaifu ya haraka. Walipatikana 65. Kati ya 50 waliojazwa maji walikufa 24. Kati ya 15 wasiojazwa walikufa 3. Idadi ni ndogo mno kuhitimisha kesi, lakini mwelekeo wake si wa kumpa faraja mtetezi wa dripu. Wengine wakasema ni malaria, kwa kuwa zaidi ya nusu ya watoto walikuwa nayo. Hoja hiyo ingeipendeza Singida, kwa sababu ukanda wa kati una maambukizi madogo ya malaria ukilinganisha na Tanga. Tatizo ni kwamba kundi la watoto wasio na malaria nalo halikuonyesha faida yoyote ya kujazwa maji. Uchambuzi wa vifo uliofuata mwaka 2013 ulionyesha kuwa wengi wa waliozidi hawakufa kwa mapafu kujaa maji, kama ilivyotarajiwa, bali kwa moyo na mishipa kushindwa ghafla.

Watu wazima nao wakapata FEAST yao. Katika hospitali ya chuo kikuu jijini Lusaka, Zambia, wagonjwa 212 wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na VVU, waligawanywa kati ya mpango wa maji mengi ya mapema na huduma ya kawaida. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalikuwa vifo asilimia 48.1 kwa waliopewa mpango na asilimia 33.0 kwa wale wa huduma ya kawaida.

Nieleweke hapa, kwa sababu makala ya gazeti husomwa harakaharaka. Mtoto anayeharisha hadi macho yamezama anahitaji maji, na watoto wa namna hiyo, pamoja na wenye utapiamlo mkali, hawakuhusishwa kwenye FEAST. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anahitaji damu na maji bila kusubiri mjadala. Onyo linamhusu mgonjwa wa maambukizi ambaye maji hayajamtoka. Yapo, ila yamevujia pasipo pake au yanazunguka bila kufika. Kwake kidole kinachochelewa ni kengele. Kinasema mgonjwa huyu yuko hatarini, mtazame kwa karibu, dawa za kuua vimelea ziingie ndani ya saa ile, chanzo kitafutwe. Hakisemi fungua dripu na uende zako.

Sasa turudi Singida na hali yake. Mji wa Singida uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, na upepo wake unajulikana kiasi kwamba mipango ya kufua umeme kwa upepo huo imezungumzwa kwa miaka. Juni hadi Agosti, usiku, baridi yake huuma. Mgonjwa aliyeletwa saa kumi alfajiri kwa bodaboda kutoka kijiji cha wilaya ya Ikungi atakuwa na vidole vya barafu hata kama amevunjika mguu tu. Kumpima mlangoni ni kujidanganya. Afunikwe, mkono upashwe moto kwa blanketi au viganja vya ndugu yake, uinuliwe usawa wa moyo, ndipo kipimo kifanyike.

Baridi si kikwazo pekee. Kiganja cha mkulima wa vitunguu kina sugu, na ncha ya kidole iliyokomaa haionyeshi rangi kwa urahisi. Kucha hufaa zaidi. Kucha nayo huenda ina hina au rangi ya dukani, hasa ya bibi harusi wa juzi au ya mama aliyepambwa kabla ya kujifungua. Basi tafuta kidole cha mguu, au ufizi na midomo angalau kwa kuangalia weupe. Mtoto mchanga hubanwa kifuani. Mwanga wa taa hafifu ya wodini hudanganya jicho, na tochi ya simu husaidia. Saa ya sekunde imo kwenye simu hiyo hiyo. Na anayepima awe yule yule zamu nzima inapowezekana, kwa sababu watu wawili wakibana kidole kimoja kwa nguvu tofauti hupata majibu mawili.

Liko pia suala la rangi ya ngozi, ambalo vitabu vya Ulaya huliruka. Mwaka 2011 madaktari wa hospitali ya Saint-Antoine, Paris, walitengeneza alama za 0 hadi 5 za mabaka ya zambarau yanayoanza gotini kwa mgonjwa wa mshtuko. Kipimo kizuri, isipokuwa kwenye goti la Mnyaturu au la Mnyiramba mabaka hayo karibu hayaonekani. Mkono unaopapasa kutoka unyayoni kwenda juu, kutafuta mahali baridi inapoishia, unafaa zaidi kwetu. Hata kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni kina upendeleo wake: utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe.

Tena wapo wagonjwa wa sepsisi ambao mikono yao ni ya moto na rangi inarudi upesi kupita kiasi, kwa sababu mishipa ya ngozi imelegea yote. Hao kidole peke yake hakiwaoni. Ndiyo maana hutazamwa madirisha mengine mawili ya mwili ambayo nayo hayana bei: mkojo, ambao kwa mtu wa kilo 60 usishuke chini ya mililita 30 kwa saa, na akili, kama mgonjwa anamtambua nduguye na kujibu anapoulizwa jina.

Hospitali za nchi tajiri zina zaidi. Kuna kamera ndogo zinazowekwa chini ya ulimi na kuonyesha chembe za damu zikitembea kwenye kapilari, na miale inayosoma oksijeni ndani ya msuli wa kiganja. Ni vifaa vya ajabu. Vimetufundisha mengi kuhusu ugonjwa, ila havijaonyeshwa kuokoa watu kitandani kuliko uangalizi mzuri. Hata utafiti mkubwa wa pili wa kidole, uliochapishwa mwaka 2025 kwa wagonjwa 1,467 wa nchi 19, ulileta faida kiasi: siku za kutegemea dawa na mashine zilipungua, vifo vilikaribia kulingana. Na ulifanyika kwenye vyumba vya mahututi vilivyokamilika. Anayetaka kuuhamishia kama ulivyo kwenye kituo cha afya cha Mkalama anachukua jibu la swali lisiloulizwa pale.

Swali la huku linahusu watu na muda. Utafiti uliofanyika katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, uliochapishwa mwaka 2025, ulikuta mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa alikuwa mahututi, na wengi wao, asilimia 69, walikuwa kwenye wodi za kawaida. Mmoja kati ya watano wa mahututi hao alifariki ndani ya siku 7. Wataalamu wa Muhimbili, akiwemo Dkt. Karima Khalid, na wenzao wa Sweden na kwingineko wamekuwa wakisukuma hoja kwamba huduma ya msingi kwa mahututi iwepo kila wodi: mkao sahihi, njia ya hewa, oksijeni, dripu inapostahili, na kuangaliwa mara kwa mara. Mwaka 2021 walichapisha orodha ya hatua 40 za huduma hiyo. Ukiisoma hutakuta kitu cha kushangaza. Muuguzi mmoja mwenye vitanda 30 usiku ndiye anayefanya orodha hiyo iwe ngumu, na hakuna ujuzi wa kidole utakaomgawa mara mbili.

Kinachoweza kubadilika kwa gharama ya wino ni chati. Safu moja iongezwe kando ya presha na mapigo, ijazwe kabla ya dripu kuanza, baada ya chupa ya kwanza, na kila baada ya muda uliopangwa. Sekunde 6, kisha 4, kisha 3: funga. Sekunde 6, kisha 6, kisha 7 baada ya lita mbili: maji hayasaidii, tafuta dawa ya kukaza mishipa, tafuta usaha uliofichika, tafuta gari. Kwa mama mjamzito, aliyejifungua, au mtoto mchanga, gari huombwa kupitia m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura, kwa namba 115 bila malipo. Kwa wengine ni ndugu na mifuko yao.

Barua ya rufaa ya kwenda hospitali kubwa Dodoma, kilomita zipatazo 240 kutoka Singida mjini, kwa kawaida hubeba presha, joto na majina ya dawa. Zikiongezwa namba tatu za kidole, kila moja na saa yake na kiasi cha maji kilichokwisha kuingia, daktari wa zamu atakayempokea mgonjwa saa tisa usiku ataweza kuamua kama chupa anayoikuta inaning'inia aiache au aifunge.